Siku mke wangu aliposhuka kwenye gari langu akapanda bajaji

Siku tatu baada ya kujifungua kwa upasuaji, mke wangu alishuka kwenye gari langu pale Mkuyuni akapanda bajaji. Mama mkwe alimfuata na mtoto mikononi. Mimi nilibaki na begi la nguo, beseni, chupa ya chai na gari la michezo lililofungwa shokapu za shilingi milioni moja na laki tatu.

Kutoka Mkuyuni hadi Butimba niliifuata ile bajaji polepole, nimewasha hazadi. Daladala zilinipigia honi. Kwa nyuma nilimwona mama mkwe akiweka kiganja chini ya shingo ya mjukuu wake kila walipokaribia tuta.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara nyingi kuhusu kidonda cha upasuaji na kuhusu shingo ya mtoto mchanga. Nimewahi kuandika kwamba bajaji haina mkanda wala mlango wa kumlinda mtoto. Siku ile niliyoyaandika yote yalikuwa mbele yangu, yanakimbia kwa matairi matatu, na mimi ndiye niliyewafukuza watu wangu wakaingia humo.

Leo naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu, hasa akina baba tunaopenda magari, na wazazi wenye vijana wanaoota kuyashusha magari yao. Sitamwambia mtu aache. Mimi mwenyewe sijaacha.

Ndoto ya tangu chuoni

Altezza niliipenda nikiwa mwanafunzi wa SAUT, pale Malimbe. Toyota walilitengeneza gari hili kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na nje ya Japani likauzwa kwa jina la Lexus IS. Ni dogo, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na dashibodi yake inafanana na uso wa saa ya mkononi. Nilipopata kazi nilidunduliza miaka minne, nikanunua moja iliyokwisha pita mikononi mwa watu watatu.

Shokapu zake zilikuwa zimechoka. Likivuka tuta lilinesa mara tatu nne kabla ya kutulia. Ningeweza kununua shokapu za kawaida, lakini kichwani nilikuwa na picha nyingine, ya gari lililolala chini, tairi limejaa kwenye madigadi. Nikaagiza koilova za mtumba wa Japani kutoka Kariakoo.

Kwa asiyezijua: springi ndiyo inayobeba uzito wa gari, na shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kunesa. Kwenye gari la kawaida urefu wa vitu hivi viwili uliamuliwa kiwandani. Koilova ni shokapu iliyovalishwa springi, ila mwili wake umechongwa nyuzi kama bolti. Ukizungusha pete au kikalio chake cha chini, gari linapanda au linashuka. Nyingi zina pia kinobu kidogo kwa juu cha kulegeza au kukaza shokapu, kwa hatua ambazo mafundi wanaziita kliki. Zangu zilikuwa na kliki 32.

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, kiti cha mtoto cha kwenye gari. Nilimjibu, "Mwezi ujao." Koilova zikafika kabla ya mwezi ujao.

Nilizipeleka kwenye gereji moja mjini. Vijana walinyanyua gari, wakatoa za zamani, wakafunga mpya, wakakaza kila nati kwa mashine ya upepo gari likiwa bado hewani. Walilishusha mpaka kidole hakiingii kati ya tairi na madigadi. Kinobu wakakizungusha hadi mwisho wa ugumu. "Hapo sasa gari, kaka," mmoja akaniambia. Kazi nzima haikufika saa tatu.

Jioni nilikwenda Capri Point kupiga picha, ziwa nyuma yake. Rafiki zangu walisifia. Mke wangu alilizunguka mara moja, mkono kiunoni, akasema, "Limependeza. Sasa mimi nitaingiaje?"

Nikacheka. Nilidhani anatania.

Kutoka hospitali

Jumatatu ya kuruhusiwa nilifika hospitali mapema, gari limeoshwa. Mke wangu alijishusha kwenye kiti cha nyuma kwa dakika nzima, ameshikilia mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Mama mkwe aliketi pembeni yake na mtoto. Alikuwa ametoka Sengerema, kavuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025.

Kwenye rasta za kwanza nilisikia mlio wa chuma chini yangu, na nyuma yangu pumzi iliyokatika. Hakulia. Alivuta tu hewa kwa meno. Nikapunguza mwendo, lakini kwa gari lile kupunguza mwendo kulibadilisha mapigo makali kuwa mapigo ya taratibu. Tuta la pili. La tatu. Kioo kilinionyesha macho ameyafumba, mikono yote miwili imebana tumbo.

Mkuyuni akasema, "Baba, simamisha gari. Naomba nipande bajaji."

Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hana kawaida ya kunisemesha maneno mengi, aliongeza moja tu: "Gari zuri, baba. Ila si la mzazi."

Alimaanisha mwanamke aliyetoka kujifungua. Mimi nilisikia maana zote mbili. Mwanamke huyu alikuwa amepita kilomita tatu juu ya maji bila kutikiswa, akaja kutikiswa na mkwewe kwenye lami ya mjini.

Usiku ule nilirudia niliyokuwa nikiyajua. Upasuaji wa kujifungua haukati ngozi peke yake. Chini ya ule mstari unaouona kuna tabaka kadhaa za ukuta wa tumbo, na chini yake kuna mfuko wa uzazi, nao umeshonwa. Ndiyo maana mama huambiwa asinyanyue vitu vizito kwa takriban wiki sita, hata kama kwa nje kidonda kimeshakauka. Kila mtikisiko unamlazimu akaze misuli ya tumbo bila kupenda, ileile iliyotenganishwa wakati wa upasuaji.

Mtoto naye kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo haijapata nguvu ya kukibeba.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Wanaopima athari za mtikisiko mwilini wanasema mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini unaojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, kwa sababu hapo ndipo tumbo na uti wa mgongo huitikia zaidi. Gari la familia hutengenezwa linese taratibu, kama mara moja au mara moja na nusu kwa sekunde. Ukilifunga springi ngumu, kunesa kunakuwa kwa haraka zaidi. Na ukilishusha mno, shokapu inakosa nafasi ya kuingia, inagonga mpira wa mwisho. Hapo hakuna tena kunesa. Gari linapigwa, na aliyemo anapigwa nalo.

Swali la fundi

Kwa wiki kadhaa gari lilikaa nyumbani. Siku za kliniki nilikodi teksi.

Ndipo jirani akanielekeza kwa fundi mmoja mzee hapa Butimba, gereji yake ni kivuli cha mwembe na kipande cha sakafu ya zege. Alisimama mbele ya Altezza, akaibonyeza boneti kwa viganja viwili. Haikushuka hata kidogo. "Hili limekufa ganzi," akasema.

Kisha akauliza, "Humu wanapanda akina nani?"

Nikamtajia: mimi, mke wangu, mtoto, mara nyingine mama mkwe.

"Mbona limefungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu? Tena huyo mmoja hayumo ndani. Limefungwa kwa ajili ya yule aliyesimama nje analitazama."

Nilitegemea aniambie nizing'oe koilova nirudishe shokapu za zamani. Hakusema hivyo. Alisema kifaa hakina kosa, na uzuri wake ni kwamba kinarekebishika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekirekebisha. Tulipanga Jumamosi.

Alianza na futi kamba kabla ya spana. Alipima kutoka katikati ya kila gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, mimi nikaandika kwenye daftari langu la kazi. Mbele kushoto palikuwa chini kuliko kulia kwa milimita 14. Nilikuwa nikiendesha gari lililoinama na sikujua, kwa sababu nililitazama kwa macho ya picha.

Tukaweka mawe kwenye tairi, tukanyanyua kwa jeki, tukalikalisha kwenye stendi za chuma. Hakuniruhusu kuingiza hata mkono kabla ya stendi. "Jeki ni ya kunyanyulia," alisema, "si ya kukutunzia maisha."

Chini akanionyesha bushi. Bushi ni mpira uliobanwa kati ya bomba mbili za chuma, na gurudumu linapopanda na kushuka mpira huo hujinyonga kidogo, kisha unarudi. Vijana wale walikuwa wamekaza bolti magurudumu yakining'inia. Gari liliposhushwa chini, mpira ulikuwa umeshajinyonga, ukabaki hivyo siku zote. Mbili zilikuwa zimechanika. Tulizibadilisha, na safari hii bolti tukaziacha nusu, tukashusha gari juu ya mbao nene ili uzito wote ukae kwenye matairi, ndipo akaingia chini kukaza. Ni jambo dogo na halihitaji pesa, ila ukilikosea gari litakuwa gumu na kulia hata ukilifunga kifaa cha bei gani.

Kisha urefu. Koilova zipo za aina mbili. Kuna ambazo gari linapanda kwa kusogeza pete ya springi, na hizo ukizikaza unaweza kujikuta umeibana springi bila kukusudia. Zangu ni aina ya pili: kikalio cha chini kinazunguka chenyewe, springi haiguswi. Tulizisugua nyuzi kwa brashi, tukazipaka grisi, tukapandisha mbele kwa milimita 35 na nyuma kwa 30, kisha tukafunga pete za kulokia kwa spana yenye ndoano.

Hapo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mpenda magari yeyote. "Kawalete."

Nyumbani si mbali. Mke wangu alikuja polepole na mto wake, mama mkwe na mtoto nyuma. Waliketi kwenye gari lililosimama, kila mtu mahali pake, mimi kwenye usukani. Fundi akaagiza mtungi wa gesi na mchele kilo 25 viwekwe kwenye buti, kama siku ya kutoka sokoni. Akapima tena pembe zote nne. Nyuma palishuka, akaparekebisha mpaka gari lenye familia likakaa sawa.

Mke wangu alichungulia dirishani akasema, "Kumbe na sisi tunapimwa."

Kliki tisa

Majaribio ya barabarani hatukuyafanya na mke wangu. Tuliyafanya na mchele. Fundi alifunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye chuma cha kila shokapu. Shokapu ikiingia inaisukuma kamba, ikirudi inaiacha palepale, kwa hiyo baada ya kuvuka rasta unaona imeingia kiasi gani na imebakiza nafasi gani. Mara ya kwanza kamba ilikaribia mpira wa mwisho kwa upande mmoja. Tukaongeza urefu kidogo.

Kliki tulianza kuhesabu kutoka ulaini wa mwisho. Tulitumia njia ileile na mwendo uleule, tukibadilisha kliki mbili kwa wakati, kushoto na kulia sawa, na kila mara nikaandika. Zikiwa laini mno gari linaendelea kunesa baada ya tuta, na kwenye kona linalala ubavu. Zikiwa ngumu mno linagonga. Unachotafuta ni gari linaloshuka, linapanda mara moja, linatulia.

Mke wangu alipotimiza wiki sita na mkunga kuridhika na kidonda, aliomba mwenyewe kujaribu. Nilikumbuka jinsi dawa zinavyojaribiwa, kwamba mgonjwa haambiwi amepewa ipi ili asije akajibu kwa matumaini. Nikamwomba afumbe macho, nisimwambie kliki ngapi, yeye anipe alama kati ya moja na kumi. Kliki 14 alizipa nne. Kliki tisa mbele na saba nyuma alizipa nane.

"Mbona si kumi?" nikauliza.

"Kumi nitakupa kiti cha mtoto kikifika."

Kilifika wiki hiyohiyo. Kimefungwa kiti cha nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari, kwa sababu tukifunga breki ghafla mgongo wote wa kiti ndio unaopokea nguvu badala ya shingo yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kiti cha aina hii kikifungwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa takriban asilimia 70. Hakuna koilova yenye sifa hiyo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: fundi 120,000, bushi 80,000, kupima tairi 30,000, kiti cha mtoto 180,000. Jumla 410,000. Ni chini ya theluthi moja ya bei ya koilova, na ndizo pesa nilizodai sina.

Mzazi mwenzangu, kama gari la kwenu limeshushwa au kijana wako anataka kulishusha, muulize mambo haya. Gari limepimwa likiwa na watu ndani au tupu? Bolti za bushi zilikazwa gari likiwa chini au hewani? Tairi zilipelekwa kupimwa baada ya hapo? Gari likibadilika urefu, mwelekeo wa tairi nao hubadilika, na tairi huliwa upande wa ndani, mahali usipopaona. Taa za mbele zimerekebishwa? Mipira ya breki haivutwi wala kusuguliwa usukani ukikatwa hadi mwisho? Nati zimekaguliwa tena baada ya kilomita mia moja hivi? Kijana anayeweza kujibu maswali haya anajua anachofanya. Asiyeweza, mwambie asubiri.

Na wewe baba mwenye mke mjamzito, kaa kiti cha nyuma cha gari lako siku moja, mwingine aendeshe. Mimi niliendesha lile gari miezi miwili bila kujua nyuma kukoje.

Rafiki zangu sasa wananitania kwamba nimeipandisha Altezza imekuwa daladala. Kidole kinaingia kwenye madigadi, tena vidole vitatu. Kwenye kona bado linashika barabara vizuri kuliko siku nililolinunua.

Juzi mama mkwe alikuwa anarudi Sengerema. Nilimwambia nitamwagiza teksi. Akasema hapana, tutakwenda na hilihili. Tulipita Nyegezi, tukapita Usagara, rasta baada ya rasta, mtoto kwenye kiti chake, mke wangu pembeni yangu. Nilikuwa nasubiri kusikia ile pumzi ya meno. Tulipoingia darajani nikatazama kwenye kioo. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hajawahi kusinzia mbele yangu, alikuwa amelala.